Mtoro Aliyekula Kwetu

Mjukuu wangu Adela,

Marahaba. Huku Murusagamba tumemaliza kuvuna maharage, na mguu wa babu yako umepata nafuu.

Umeuliza mfungwa aliyetoroka jela tulimwitaje. Tulimwita mtoro, kama mtoto anayekimbia shule, ila huyu wa jela alitajwa kwa hofu.

Nilipokuwa msichana, mmoja aliingia kwetu mchana akiwa na nguo za gereza. Nje watu walikuwa wakimsaka migombani, wakipiga kelele, "Mtoro! Mtoro!" Kwetu mgeni haulizwi atokako kabla hajala. Mama, ambaye naye alivuka kutoka Burundi akikimbia vita, alimpa ndizi na maharage. Watu walipofika na fimbo, mama akasimama mlangoni.

"Huyu ni mgeni, bado anakula. Akimaliza, mwiteni hilo jina lenu."

Wakasubiri. Yule mtu alikula, akanawa, akamshukuru mama, kisha akatoka mwenyewe na kumnyooshea mikono balozi wa nyumba kumi, aliyeongoza msako, afungwe kamba. Hakuna aliyeinua fimbo.

Basi neno ni hilo, liandike. Ila mimi nikilisikia, namwona mtu akirudisha sahani kwa mikono miwili.

Bibi yako