Brashi Mdomoni

Mzee Kenji,

Umetimiza miezi minne kaburini. Nitakueleza mambo kwa mpangilio, maana ulinicheka kila mara kwamba sisi waandishi wa magazeti huanzia mwisho.

Haruka, binti yako, amefunga karakana yako ya kauri hapa Manassas, huku ughaibuni. Tanuri limeuzwa. Sahani zako za mwisho, zile za ndege heroe wa Ziwa Nakuru, ziko kwenye jumba la maonyesho mjini, nyuma ya kioo. Maelezo yanasema ulizaliwa katika ukoo wa wachoraji wa kauri huko Japani, ukafundisha Nakuru ukiwa kijana, kisha ukakaa huku miaka arobaini ukichora korongo wa kwenu na ndege wa kwetu kwenye sahani moja. Ni kweli yote. Hawakutaja kwamba Kiswahili ulifundishwa kwa kutukanwa sokoni.

Kabla ya kutupa rangi zako, Haruka alipeleka chupa zikapimwe. Ile nyekundu ya zamani, uliyorithi kwa baba yako, imejaa madini ya risasi, nayo ni sumu. Alinipigia simu kunieleza, sauti yake tulivu. Alidhani mambo yameisha, kwa kuwa aliyekuwa akiitumia amekufa.

Nilikuwa nakuona umeinama, unachovya brashi, unachonga ncha yake kwa midomo, unavuta mstari mwembamba kama unywele. Siku ulipomwona Njeri, mwanafunzi wako, akifuta ncha kwa kitambaa, ulimwambia: "Wewe nesi, usafi wako uache hospitalini. Brashi inataka mate." Akacheka, akatii. Mimi nikaandika. Makala yangu nzima kukuhusu niliijenga juu ya mdomo ule. Nikasema ndiyo siri ya mkono wako. Njeri ameibandika ukutani kwake Hyattsville, juu ya meza anayochorea. Kwenye meza hiyo ipo chupa ya nyekundu uliyomgawia.

Mwaka wako wa mwisho ulilalamika kwamba chai ina ladha ya msumari. Daktari akasema ni uzee. Mkono ulipoanza kutetemeka, sote tukasema ni uzee.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Njeri alisukuma kikombe chake. "Chai gani hii, anti? Ni kama nalamba msumari." Nikamtania kwamba mtoto ndiye anayechagua chai. Mimba yake ina miezi mitano.

Katika kazi hii nimesahihisha majina, umri, vyeo vya watu. Makala niliyoandika juu yako haikuwa na neno hata moja la uongo. Ndiyo maana sikuishuku.

Tangu asubuhi nampigia. Simu inaita tu. Pengine yuko zamu. Nakwenda kumngoja mlangoni kwake. Nitaichukua chupa, nitampeleka akapimwe damu, kisha nitaandika upya, na jina lako litakuwemo. Unisamehe au usinisamehe, nitaandika.

Kwaheri, Mzee. Nimeshavaa koti.