Hodi Kwenye Bustani Isiyo na Mwenyewe

Mjini Unguja, Ijumaa baada ya sala ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Itikia hata kama sikusikii. Goti lako vipi? Umelipaka yale mafuta ya nyonyo niliyokupelekea, au umempa jirani kama kawaida yako? Paa la jikoni limeezekwa kabla ya mvua? Na Riziki wangu, kikohozi kimemwacha? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila upweke umenikalia kifuani.

Barua yako imefika. Nilikuomba uniletee mwanangu, nawe umenijibu kwamba mtoto wa kwanza ni wa bibi yake, ndivyo ulivyolelewa wewe, ndivyo nilivyolelewa mimi, na mwenye hamu ya kulea azae mwengine. Mama, maneno yako makali. Huyo mwengine Mungu hajanipa. Nilikasirika, nikaapa nitakuja Kilwa nimchukue Riziki kwa nguvu, liwalo na liwe. Usinune, soma mpaka mwisho.

Hamisi yuko Pemba tangu msimu wa karafuu ulipoanza, anapakia magunia melini. Nimebaki peke yangu na chumba cha ghorofani. Chini wanakaa Wahindi wenye duka, watu wema, lakini mimi Kihindi sikijui na wao Kiswahili chao ni cha bei tu. Siku nyengine nnapika wali, nnaupakua, kisha nnautazama mpaka unapoa.

Jumatano nikavaa buibui nikatoka, nisije nikaanza kuzungumza na masufuria. Nilisikia kuna bustani pembezoni mwa mji, iliyokuwa shamba la tajiri mmoja wa Kiarabu. Nikakuta ukuta mrefu, lango kubwa liko wazi, na ndani nyumba iliyofungwa madirisha. Kwa adabu alizonifunza bibi, nikasimama nje nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili. Watu wananipita wanaingia, nami nnajiambia hao wana jamaa zao humo. Nikapiga ya tatu. Nawe wajua, hodi tatu zisipoitikiwa mtu hurudi zake. Nikageuka.

Mtunza bustani aliyekuwa akifagia majani akaniita, akaniuliza nnamtaka nani. Nikamwambia, mwenye nyumba. Alicheka mpaka akauegemea ufagio. Akanieleza kwamba mwenyewe keshakufa zamani, na shamba aliliacha wakfu ili watu wote wapumzike. Nikasema vyema, lakini mimi siingii pahala sijakaribishwa. Hapo akaacha kucheka.

"Karibu, mwanangu," akasema.

Mama, machozi yalinitoka palepale. Nikajifanya nnatengeneza buibui.

Ndani kumetulia. Kuna milangilangi na miasumini, vijia vya mawe, na birika kubwa lililokauka ambamo zamani wakioga mabibi wa nyumba ile. Sasa watoto wanachezea humo. Nikakaa ukingoni, kivuli kizuri, harufu nzuri, na sina wa kumwambia "hebu tazama." Nilikulilieni wewe na Riziki, sikufichi.

Mara mtoto wa kike, rika la Riziki, akaanguka birikani. Nikamnyanyua, nikamfuta magoti. Bibi yake akaja mbio, na nyuma yake mwanamke kijana kama mimi. Bibi akamwambia mtoto aende kwa mamaake. Yule mwanamke akapiga magoti, akakunjua mikono. Mtoto akamtazama, kisha akauficha uso kwenye kanga ya bibi. Sote tukacheka, watoto ndivyo walivyo. Mama mtu naye akacheka, lakini alikawia kuinuka.

Baadaye alikuja kukaa nami. Kumbe kaolewa Bwejuu, huko shamba, mtoto akabaki mjini kwa bibi tangu kuachishwa ziwa, naye kaja kumchukua. Kesho yake ilikuwa wapande gari warudi shamba. Bibi karidhia, mtoto ndiye hataki kushikwa mkono. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Nimemzaa mimi, dada, na anayemwogopa ni mimi. Nimfunge kamba?"

Nikamfuta vumbi la magotini, nikaaga. Nilirudi nyumbani, hata huo wali sikuupika.

Nisalimie Mjomba Athumani, msoma maulidi wetu. Shangazi Binti Saidi mwambie mkeka alionisukia ndio nnaoulalia. Na dada Zainabu mkunga, mwambie aniombee dua, yeye anajua ya nini.

Sasa neno langu. Sibishani tena nawe juu ya desturi yenu, lakini mwanangu bado nnamtaka. Hamisi akirudi nitakuja. Siku nikifika, usimsukume Riziki kwangu, wala usimwambie "huyu ndiye mamaako." Mwache anitazame mpaka atosheke. Nitakaa hapo kwako, nitapika, nitafua, nitangoja. Akinijia mwenyewe, unipe nije naye. Asiponijia, nitapanda chombo peke yangu na sitakulaumu.

Nawe unijibu hili tu, maana tangu Jumatano haliniachi. Zamani, ulipokuwa ukija kunitazama kwa bibi, nilikuwa nikikukimbia?

Mwanao,
Mwajuma