Mama Alivyoondoka

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko kiwandani? Sisi hatujambo, ila Mama Mdogo ana mafua na anamlaumu paka.

Mwalimu alituambia tuandike hadithi. Yangu hii: "Mama alienda mbali. Mtoto alibaki. Mtoto alilia. Mwisho." Kanipa nne kwa kumi! Nisaidie.

Mwanao,
Kijino (jino limeota, jina limebaki)

19 Februari

Kijino wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima. Nashona kola mia mbili kwa siku, shingo zenyewe sizioni. Mpe pole Mama Mdogo, na paka pia.

Hadithi yako imelala fofofo. "Alienda" ni kitenzi kivivu. Alienda vipi? Alikimbia? Alijikokota? Alinyata? Kila mtu ana mwendo wake. Fumba macho, mtazame huyo mama, kisha niandikie mpaka nimwone.

Mama yako

2 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mafua yamehamia kwangu. Nimefumba macho kama ulivyosema:

"Ilikuwa mchana. Mama alidhani mtoto amelala. Alinyata, viatu mkononi. Begi likakwaruza mlango, akalikumbatia linyamaze. Mtoto alichungulia kutoka chini ya shuka. Mama aligeuka, akajiuma mdomo, akachomoka. Mtoto alijikunyata, akameza kilio ili Mama asichelewe basi."

Nimepata tisa! Mwalimu alifuta miwani mara mbili. Umemwona huyo mama?

Mwanao,
Kijino

20 Aprili

Kijino wangu,

Marahaba. Nimeanza barua hii mara tano, nikachana nne. Ndiyo maana nimekawia.

Nimemwona, mwanangu. Mwaka mzima nilijifariji kwamba ulikuwa umelala. Niliogopa kwamba ukiniita, miguu itagoma. Nimekukosea, nisamehe.

Nimepata likizo ya wiki mbili. Jumamosi ya mwisho ya Mei nakuja, na sinyati ng'o! Nitagonga mlango mpaka majirani wachungulie.

Mama yako

3 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mafua yamepona, sasa anayo paka. Mama Mdogo ameisoma hadithi, akanikumbatia mpaka nikakohoa.

Nimekusamehe. Lakini siku ya kurudi kazini, hata kama nakoroma, niamshe. Nitalia kwa sauti, usijali. Begi nitalishika upande mmoja, wewe mwingine, lisikwaruze mlango.

Mwanao,
Kijino