Shati la Kazini Halinuki Tena

Jumapili, Pasiansi. Mvua imenyesha alfajiri ikakata, na sasa jua ni kali. Siku nzuri ya kufua. Mimi nimekaa kwenye ngazi ya mlango na sina hamu hata ya kunywa maji. Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu ninayeweza kumwambia.

Leo ni wiki ya sita tangu mke wangu, Koku, aende kwa mama yake Muleba. Ana mimba ya miezi saba. Kazi yangu ni kukata minofu ya sangara kiwandani, na aliniambia hawezi tena kulala na harufu ile. Ilikuwa kwenye mashati, kwenye mashuka, mpaka kwenye chandarua. Kila nikiingia ndani yeye alitoka mbio kwenda kutapika. Siku ya kuondoka alisema nguo zikiacha kunuka atarudi kujifungulia hapa.

Nikaona kumbe ni kazi ya sabuni tu.

Nilikosea tangu mwanzo. Nilichemsha maji, nikaloweka mashati ya kazini na mashuka kwenye beseni moja, nikamimina sabuni ya unga nusu pakiti. Mafuta ya sangara yakahama kwenye mashati yakaingia kwenye mashuka. Halafu nikaanika chumbani. Tuko wapangaji wanne uwanja mmoja, na sikutaka wanaume wenzangu wanione nakung'uta foronya wakati nina mke wa ndoa. Nguo zilikauka siku ya tatu, zikawa na harufu mbili, ya samaki na ya uvundo.

Nilikaa juu ya ndoo nikalia. Mwanaume mzima, kwa ajili ya foronya.

Aliyenisaidia ni Mama Neema wa chumba cha mwisho, aliyeuza dagaa miaka mingi. Uvundo ulimfikia dirishani kwake, akapiga hodi. Akaniambia maji ya moto yanaipika harufu ndani ya kitambaa. Suuza kwanza kwa maji baridi, loweka kwenye maji yenye siki, ndipo utie sabuni, tena kidogo, kwa sababu ikizidi haisuuziki yote na inabaki kunasa uchafu. Nguo za kazini ziwe na beseni lake. Kisha zigeuze, uanike nje juani.

"Na aibu yako uianike hapohapo," akamalizia.

Nikaianika. Tangu siku hiyo nimefua kila nilipotoka zamu. Wapangaji walinitania mpaka wakachoka, wakaanza kuniuliza dawa ya soksi. Nguo za kazini nilizivulia mlangoni nikazitupia kwenye ndoo yenye mfuniko. Chandarua nimekifua mara mbili. Nilifika mahali nikawa nanusa kila kitu, taulo, kiti, kiganja changu mwenyewe.

Leo baada ya ibada amekuja Advera, mdogo wake Koku anayeishi Mkuyuni. Alitumwa na dada yake kukagua. Nilisimama pembeni kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Alinusa shati mojamoja kwenye kamba, akaingia ndani, akainamia mto, akajifunika uso kwa chandarua na kuvuta pumzi.

"Shemeji, hapa hakuna kitu," akasema. "Zinanukia jua tu."

Nilifurahi mno, nakiri. Akampigia dada yake palepale, akamweleza, akanipa simu. Nikamwambia Koku aanze kufungasha.



Badala yake akaitaja siku ambayo hatujawahi kuizungumza. Mwaka jana mimba yetu ya kwanza iliharibika. Nilipigiwa simu asubuhi nikiwa kiwandani, nikafika hospitali jioni, baada ya zamu.

"Ulikuja na shati la kazini," akasema. "Ukakaa kitandani, ukaniuliza kama nimekula, basi. Harufu ya siku ile ndiyo ninayoisikia, Masanja. Naisikia hata huku, na huku mama hapiki samaki."

Simu ikakatika, au aliikata. Advera ameondoka bila kunywa chai niliyompikia.

Kuna jambo Koku halijui. Siku ile msimamizi aliniruhusu. Aliniambia niache kila kitu niende kwa mke wangu. Mimi ndiye niliyebaki mezani na kisu mpaka jioni, kwa sababu kukata samaki nilikujua na la kumwambia sikulijua. Nilipofika nikauliza habari ya chakula. Nimekuwa nikijidanganya kwamba nilikuwa imara kwa niaba yetu wawili.

Sisi ni watu wa kupeana pole. Tunampa aliyejikwaa barabarani, anayekohoa, anayetoka kazini. Jana tu nimempa pole mwanamke nisiyemjua, aliyekuwa anapanda kilima na ndoo ya maji kichwani. Mke wangu alipoteza mtoto sikumpa. Mwaka mzima nimelala naye kitanda kimoja sikumpa, na leo naona fahari aambiwe kwa simu kwamba mashuka ni safi.

Harufu niliipenda, nadhani. Harufu ina dawa, na dawa yake inauzwa dukani.

Jumamosi sina zamu. Nitapanda basi la asubuhi kwenda Muleba. Neno lenyewe nimeliandika kwenye simu mara tatu nikalifuta, si la kutumwa kwa meseji. Nitamwambia uso kwa uso, pamoja na habari ya msimamizi, kabla sijakaribishwa kiti. Anaweza kukataa kabisa kutoka chumbani, na sitamlaumu.

Sijui kama pole iliyochelewa mwaka mzima bado inapokelewa.