Karanga Zilizokaangwa Mara Mbili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama, goti limepoa, na yule jogoo wako mkorofi hajamdonoa mgeni mwingine. Sisi huku ni wazima. Mume wangu anakusalimu, wajukuu zako wanakusalimu kwa kelele, na yule mdogo ameota meno ya mbele, basi anang'ata kila mtu, hata daktari. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hulia, nami nikisikia unalia nakubali kila kitu. Leo sitaki kukubali kitu.

Kwanza nikupe habari njema. Cheti cha usalama wa chakula tumekipata. Akina mama wanaofungasha siagi yetu ya karanga walipiga vigelegele mpaka jirani fundi seremala akaja kuuliza nani anaolewa. Nilicheka nao, Mama, lakini moyoni nilikuwa nimenuna, na sababu yake utaiona huko chini.

Unakumbuka ule ubishi wa kuchagua cheti. Chapuchapu, kitinda mimba wako, alitaka kile rahisi, cha yule bwana anayechapa vyeti ofisini kwake bila hata kuja kunusa unachopika. Alisema cheti ni cheti, kikishaingia kwenye fremu nani atauliza? Mimi nikang'ang'ania kile kigumu, chenye mkaguzi anayefika bila taarifa na kukagua mpaka kucha. Haikuwa maringo. Shule zilizotaka siagi yetu ya karanga kwa ajili ya watoto zilisema bila hicho hazinunui, na mimi niliona zina haki, maana hata wangu wanakula shuleni. Wewe ulikuwa umekaa juu ya gunia, ukasema binti yako ana akili. Nilitembea na maneno hayo wiki nzima, kichwa juu.

Basi tukaanza kazi. Tulipaka kuta rangi, tukaziba matundu ya panya, tukatenga chumba cha karanga mbichi na chumba cha kujaza chupa. Tulinawa mikono mpaka ngozi ikasinyaa. Akina mama walipovaa kofia za wavu walisema tunafanana na vitunguu vya sokoni. Kila mzigo tunaosaga ukapewa namba yake, na namba hiyo ikawa inapigwa mhuri juu ya kifuniko cha kila chupa.

Halafu bati la stoo likavuja na magunia ya pembeni yakalowa. Maabara wakasema yana sumukuvu. Niliwaeleza wewe na Chapuchapu pale mlangoni mwa stoo: ni sumu ya ukungu, huioni, inakula ini polepole, na moto wa jikoni hauiwezi. Wewe ulisonya, ukasema zamani mlikuwa mnachambua, mnakaanga, mnakula, na mpo. Nikacheka. Nikamwachia Chapuchapu kazi ya kuyachoma magunia, nikakuachia wewe ufunguo wa akiba wa stoo, nikaenda zangu kwenye mafunzo ya cheti. Niliporudi nikaonyeshwa majivu nyuma ya ukuta. Hata asante nilisema, mjinga mimi!

Wewe ulikuwa umekwisharudi kwako mkaguzi alipokuja. Ni mama mfupi, mpole, anaongea kama anabembeleza mtoto, na ndiyo maana anatisha. Alitoa mkobani chupa aliyoinunua mwenyewe duka la pale kona, akaomba tumwambie imetoka kwenye magunia gani. Chupa yetu, lebo yetu, picha yako unatabasamu pale mbele, na kifuniko hakina namba. Akakifungua. Harufu ikapanda. Nitairudia harufu hiyo.

Ningeweza kusema lebo zetu zimeibwa. Wote pale mezani walikuwa wananitazama wakiomba niseme hivyo. Nikasema karanga hizi ni zetu, na kwa kuwa hazina namba, ni zile zilizotakiwa ziwe majivu. Mkaguzi akafunga faili lake, akaondoka. Tukapita duka kwa duka kukusanya chupa na kuomba radhi. Mwenye duka mmoja alisema ya kwake wanawe wameshaimaliza, siagi tamu kweli. Nikamwomba awapeleke kwa daktari.

Chapuchapu alikuwa amekiri pale pale mezani, mara mkaguzi alipotoka. Alisema ni yeye peke yake, aliona uchungu mali kugeuka moshi, akachoma magunia matupu, karanga akazikaanga uani kwake na kuzisaga siku wafanyakazi wamepumzika. Nilimtukana, Mama. Nilimtupia aproni yake nje kama takataka. Jioni hiyo ukanipigia unalia, ukaniambia damu ni damu, yeye ni mdogo, ana haraka zake tangu utotoni, nimsamehe. Ukasema Mungu amsamehe. Yeye!

Sasa nije kwenye harufu. Chapuchapu hajui kukaanga. Hata yai linamshinda, analiepua bado linateleza. Jina lake tulimpa kwa hilo hilo. Zile karanga zilikaangwa, zikapozwa, zikanyunyiziwa maji ya chumvi, zikakaangwa tena mpaka maganda yakawa meusi. Kuna mtu mmoja tu ninayemjua anayekaanga hivyo. Harufu ile ndiyo iliyokuwa ikiniamsha kwenda shule. Nilijua pale pale mezani, Mama, kabla mdogo wangu hajafungua mdomo, na bado nikamfukuza, kwa sababu kudanganywa na kaka ni tonge ambalo ningeweza kulimeza. Kudanganywa na wewe kulinikwama hapa kooni.

Baadaye nilimfuata kwake nikamuuliza. Akasema yote. Kwamba ulimwambia moto humaliza kila kitu, na mimi masomo yamenitia woga. Kwamba ulifungua stoo kwa ule ufunguo wangu, ukazikaanga wewe mwenyewe. Na kwamba kabla hujaondoka ulimwomba, mambo yakiharibika, abebe yeye, kwa kuwa dada atamsamehe kaka upesi kuliko atakavyomsamehe mama.

Umeniumiza. Si kwa kuamini moto, hilo nalielewa, ulitulea kwa nafaka walizotupa wengine na hatukufa. Lakini ulikaa juu ya gunia langu ukanisifu, kisha ukanizunguka. Ukamwacha mwanao aitwe mharibifu ili wewe ubaki unatabasamu kwenye chupa. Ningekuwa na mtu mwingine wa kumshtakia, ningemshtakia. Mtu wa kumshtakia siku zote ulikuwa wewe.

Mkaguzi alirudi akakagua upya kila kitu. Alisema anayezunguka madukani kukusanya aibu yake mwenyewe anaweza kuaminiwa na watoto wa watu. Ndivyo tulivyopata cheti. Chapuchapu amerudi kazini, anapiga mihuri, nami nilimwomba radhi mbele ya wote. Stoo ina kufuli jipya. Lebo mpya zimefika jana, zina picha ya karanga tu.

Wasalimie majirani wote, na yule shoga yako mwenye duka la nyuzi. Ukitaka kuja, njoo. Kitanda chako kipo, na wajukuu wanakuulizia kila siku. Ila kabla hujaja, mpigie mwanao umwambie kwa mdomo wako kwamba umekosa. Mimi nitasubiri zamu yangu.

Jambo la mwisho, Mama. Chapuchapu ameniambia ulipoondoka ulibeba chupa za mzigo ule, na kwamba unakula kila asubuhi. Nimekukasirikia, lakini nakusihi. Zitoe kabatini, chimba shimo, zifukie zote, usimpe jirani, usimpe hata yule jogoo. Najua hujawahi kutupa chakula tangu uzaliwe. Tupa hicho. Nataka uishi, unikute bado nimenuna.

Ni mimi, kifungua mimba wako.