Kengele ya Shule Iliyofungwa

Jumatatu, 4 Mei
Mvua. Mto umeingia uwanjani, shule imefungwa. Mwalimu mkuu katangaza: walimu watalipwa, mlinzi atalipwa maana lango halilali. Sisi wa kufagia, kupika na kengele — siku usiyofanya kazi hulipwi. Na mlinzi ni nani? Shemeji yangu! Kazi yenyewe nilimtafutia mimi. Hata kufunga kufuli nilimfundisha mimi.

Jumanne, 5 Mei
Shemeji kaleta sukari kilo mbili. Mke wangu: kaka yangu ana moyo! Chai nimeikataa. Baadaye nikainywa, ilikuwa inapoa. Mtu analipwa kukaa kitini kutazama mvua! Kutazama mvua hata mimi naweza, tena kumshinda.

Jumatano, 6 Mei
Nimepata akili. Kengele ni kazi yangu, miaka ishirini na miwili. Nikiigonga nimefanya kazi — walipe! Nikavaa mabuti, nikaenda. Shemeji kanicheka langoni: "Shemeji, unawaita samaki darasani?" Nikampita. Saa moja na nusu kamili nikaigonga ile rimu ya lori, ndiyo kengele yetu, mpaka mkono ukafa ganzi. Hakuna agongaye kama mimi, inasikika hadi ng'ambo ya mto.
Ndio ubaya wake. Watoto wakasikia. Wakaja, mabegi kichwani, maji magotini. Kasichana ka darasa la kwanza kakateleza mtaroni. Shemeji akaruka na koti lake, akakatoa. Kapo salama, kanakohoa tu.
Mimi nilikuwa bado nimeshika nyundo.

Alhamisi, 7 Mei
Mpishi kapita kunieleza. Mwalimu mkuu kauliza nani aligonga, kasema huyo hana kazi tena. Shemeji kajibu: ni mimi, nilikuwa naijaribu. Akasamehewa, kwa sababu kaokoa mtoto! Mama wa mtoto kampelekea kuku.
Mke wangu: "Mume wangu, nyamaza. Kaka amekufunika, usijifunue."
Nyamaza! Mshahara wake, sukari yake, kuku wake — sasa na kengele yangu! Yule hawezi kugonga vile. Mwenye masikio anajua ule mkono ni wa nani. Nakwenda kusema.
Nimevaa buti moja. La pili kalikalia mke wangu mlangoni, anachambua mchele, hanitazami. Namwambia nipe. Ananiuliza, yule mtoto bado anakohoa?
Mvua imekatika. Kesho shule inafunguliwa. Namwambia tena, nipe buti langu —