Sheria Yangu ya Kuonyesha Uso

Jumapili, alasiri. Nje ni joto la kuchemsha chai, ndani kiyoyozi kinavujia kwenye ndoo, nami niko kitanda cha juu, mahali pekee Dubai ninapoweza kupaita pangu.

Leo nimefutwa. Si kazini, kesho nitauza vipuri vya magari Ras Al Khor kama kawaida. Nimefutwa kwenye orodha ya wapiga kura wa jumuiya yetu ya programu huria, ile ya kuandikisha wagonjwa katika zahanati ndogo. Miaka minne nimeitafsiri kwa Kiswahili bila malipo, na ndiyo kazi pekee ninayojivunia.

Sheria ya mikutano yetu ya mtandaoni ni fupi. Asiyeonyesha uso kwenye kamera hahesabiwi kuwa amehudhuria. Ukikosa mara tatu, unatoka. Leo ilikuwa ya tatu.

Chumba chetu hapa International City kina wanawake sita. Mwezi uliopita Da Zuhura wa Unguja, anayelala chini yangu, aliniambia kwa upole, "Mdogo wangu, mie sitaki hao watu wako wanione kichwa wazi." Ana haki. Nikajaribu kukaa kwenye ngazi, mlinzi akaniambia yalla, ondoka, hapa si mahali pa kukaa. Jikoni kuna foleni ya sufuria. Nje simu inazima kwa joto. Nimebanwa kila upande.

Basi leo Da Zuhura alikubali kujifunika shuka gubigubi mpaka nimalize. Nikawasha kamera. Mara mwenzetu mwingine akatoka kuoga na taulo, nikaiziba kamera kwa kidole gumba. Kusema nisingeweza, kuna waliotoka zamu ya usiku wamelala. Nikaandika ujumbe: nipo, nawasikia. Kelvin, mwenyekiti wetu wa Nairobi, alikuwa anasoma majina. Alipofika langu akasita.

"Pole dada, lakini si hii rule uliandika wewe mwenyewe?"

Ni kweli. Niliiandika mimi.

Wakati huo nilikuwa Mombasa, sebuleni kwangu, na mlango nikiufunga unafungika. Niliamini kwamba anayeficha uso anapika huku akijifanya yuko mkutanoni. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami nilichimba changu nikipigiwa makofi.

Nina siku saba za kukata rufaa. Nimeandika kurasa mbili: kitanda, ngazi, taulo. Kabla ya kutuma nikamkumbuka Nakato wa Kampala, mtafsiri wa Kiganda, mtu wa kwanza kutolewa kwa sheria hii. Nikaitafuta barua yake ya rufaa. Alikuwa akifanya kazi za ndani, analala chumba kimoja na watoto wa madam, na madam hataki nyumba yake ionekane. Aliuliza kama sauti tu ingetosha.

Nilimjibu kwa sentensi moja: kila mtu ana changamoto zake.

Nikiwa bado naisoma, sauti ikatoka kitanda cha chini. "Khalas, umemaliza? Niinuke?" Mkutano ulikuwa umekwisha tangu saa nzima iliyopita, nami nilisahau kumwambia Da Zuhura. Nimeona aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Rufaa sijaituma. Nimemwandikia Nakato kwanza, nikamwomba radhi na kumwuliza kama atakubali tuombe kurudi pamoja, jina lake likitangulia langu. Naona amesoma. Hajajibu.

Ningekuwa yeye, ningejibu?